Mtani wa Baba Kutoka Kanada

Asubuhi ile hapa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, mama na mimi tulikuwa tunapasua samaki wa kuanika, na baba alikuwa anamchokoza padri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Uvuvi ulikuwa wa ziada.

Padri alikuwa muzungu wa Kanada, ndevu nyekundu, na Kiswahili chake alikiokota Katanga kama sisi. Alipenda kusimulia ukoo wake. Babu wa mababu zake, Mathurini, alitoka Ufaransa zile siku za mwanzo kabisa za Kanada, akawa anauza ngozi za mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno. Akaoa Katarina, yatima aliyepelekwa kwa meli na mfalme awe mke wa mutu asiyemjua. Vita ilipochoma kijiji chao, Katarina alivuka mto kwa miguu, mutoto mgongoni, maana baridi ilikuwa imeugandisha ule mto, ukawa mweupe na mgumu kama sakafu.

"Padri, ile ni bongo, uongo mutupu!" baba alisema. "Mutu kutembea juu ya mayi, na haiko Yesu?"

Mimi niliamini. Nilikuwa naliangalia ziwa Mweru, naliona jeupe hadi ng'ambo Kongo, na yule Katarina anakuja polepole.

"Mukowa yako, ukoo yako, njo ya ile nyama ya mayi ya kukata miti," baba akakata shauri. "Miye niko wa Mamba. Mamba inakula nyama yako. Basi uko munungwe yangu."

Munungwe ni mtani wa ukoo. Anakutukana siku zote, na ukifa, yeye ndiye anayekuzika. Padri alicheka mpaka akakaa chini mchangani.

Mwaka ule wavuvi walikataa sheria mpya za nyavu. Vijana wakanoa mikuki, malori ya askari yakaja, na sisi tukawa tunalala vichakani.

Siku moja bunduki zililia ufukweni.

Baba alianguka.

Tulijificha kwenye matete. Askari walisema atakayemkaribia atapigwa risasi. Jua likapanda. Mbwa wakaanza kusogea.

Watani wetu wote walikuwa wamekimbilia visiwani. Mama alikuwa anang'ata kitenge asilie kwa sauti. Ee Mungu wangu, nilimtaka mutu yeyote, yeyote tu, amzike baba yangu.

Padri akatokea na mkeka.

"Rudi!" askari alipiga kelele, bunduki juu.

"Niko munungwe yake," padri alisema bila kusimama. "Njo miye nitamuzika."

Yule askari alikuwa Mubemba kama sisi, utani wa ukoo aliujua. Alimtazama, akaishusha bunduki, akageuza uso.

Padri alipiga magoti. "We muvivu! Amuka! Samaki zako zinaoza!" Alimtukana kama inavyopasa, na machozi yalikuwa yanalowesha ndevu.

Nimezeeka sasa, hapa hapa Nchelenge. Zile sheria za nyavu zilibaki, baba hakubaki. Padri alirudishwa kwao, akafa huko, tukapata habari miaka imeshapita. Naambiwa alizikwa kando ya ule mto wa Katarina, kwa nyimbo na heshima kubwa.

Heshima! Ndiyo hiyo inayoniuma. Nikisinzia mchana kibarazani, Mweru linakuwa jeupe na gumu, nami natembea juu yake kwenda huko, mkeka kwapani. Alihitaji mutu wa Mamba pale kaburini amtukane, na hakuna aliyekwenda.