Maji ya Mvua ya Busiu

Jumatano, tarehe 23 Oktoba 2024, saa mbili na nusu asubuhi, watu thelathini na watatu walihesabiwa kwenye maabara ya shule moja ya Mpumudde, Jinja: watahiniwa thelathini na mmoja waliopanga foleni mlangoni, na ndani Mwalimu Cleophas pamoja na Bruhan, mtunza maabara.

Mtihani wa kemia kwa vitendo ulikuwa uanze saa tatu, na alfajiri ile chombo cha kugeuzia maji kuwa mvuke na kuyapoza kilikuwa kimepasuka. Bruhan alikinga maji ya bomba katika neli ya kioo, akayadondoshea nitrati ya fedha. Yakageuka meupe kama maji yaliyooshewa mchele.

“Ni klorini ya bomba,” akasema. “Wakiyeyushia chumvi zao humu, kila chumvi itajibu kuwa ni kloridi. Watafeli wote, na macho yao hayatakuwa yamesema uongo.”

“Mzee, usinitishe asubuhi hii,” Cleophas akajibu, huku akipekua rafu. Mkono wake ukasimama kwenye chupa moja. “Na hii? Si imeandikwa MAJI YA MVUKE?”

Bruhan akasogea karibu na rafu. Katika miaka thelathini na minne ya kazi alikuwa amebandika maelfu ya lebo, na ni moja tu iliyokuwa ya uongo. Yale yalikuwa maji ya mvua. Aliyeyakinga ni mkewe, Nandutu, nyumbani kwao Busiu, upande wa Mbale, alikobaki akilima mahindi. Kila msimu Nandutu aliiacha mvua ya kwanza ioshe hewa, ndipo akaweka beseni juu ya kinu kilichopinduliwa, katikati ya uwanja, mbali na mabati na migomba. “Nisikutilie kutu nikakuaibisha mbele ya wasomi wako,” alizoea kusema.

Chupa ile ya lita mbili ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Baada ya matanga ya Nandutu, Bruhan aliipakata kutoka Busiu hadi Jinja. Akaiandika uongo ili mwenye kiu asiinywe, akasahau kwamba mwalimu wa kemia huamini lebo kuliko kinywa cha mtu.

“Mzee, hiyo chupa unaichunga kama bibi arusi!” akachombeza Sheryl, mtahiniwa wa kwanza katika foleni. “Tulete mahari?”

Wenzake wakacheka. Bruhan hakucheka; aliona jinsi msichana yule alivyokuwa ameitafuna kalamu yake hadi ikapasuka.

“Mwalimu, hayo hayakupita kwenye mvuke,” akasema kwa sauti ya chini. “Ni ya mvua. Aliyakinga marehemu mke wangu.”

Cleophas akaondoa mkono upesi. “Pole, Mzee. Sikujua. Basi, tuyaache.”

“Tuyapime kwanza. Yakichafuka, yanarudi kwangu.”

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani jaribio liharibike. Akadondosha tone la kwanza la nitrati ya fedha, la pili, la tatu. Akainua neli kuelekea dirishani. Maji yalitulia maangavu, hata mishale ya saa ya ukutani, kando ya dirisha, ikasomeka kupitia kwayo. Nandutu hakumwaibisha.

Akawagawia kwa mkono wake mwenyewe, kila mtahiniwa kipimo chake, bila kumwaga hata tone.

Mtihani ulipokwisha, chini ya chupa palisalia maji ya kijiko kimoja. Bruhan alichukua fuwele za buluu za salfeti ya shaba, akazichoma polepole mpaka maji yaliyokuwa ndani yake yakatoka, zikawa unga mweupe. Unga ulipopoa, akaunyunyizia yale masalio. Ukapata joto, ukarudia ubuluu wake. Sasa maji yale yalikuwa ndani ya fuwele, nayo yangekaa humo mpaka mtu ayafukuze kwa moto. Akatia fuwele katika kichupa, akaandika lebo ya kweli: Maji ya Nandutu, Busiu. Fuwele hizi zisichomwe.

Saa saba mchana, watahiniwa thelathini na mmoja walikuwa wameondoka, na Mwalimu Cleophas pia. Maabarani walihesabiwa waliobaki: mtu mmoja, chupa moja tupu, na kichupa kimoja cha buluu.