Alama ya Katambuga

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu kupita kawaida, nawaza huyu anataka nini. Nilipomaliza shahada ya kemia na kurudi nyumbani, upande wa Nkololo, kusubiri ajira, niliona tabia hiyo sasa itanilisha: nitaomba polisi, niwe mmoja wa wale wanaokagua eneo la tukio, wanaookota unywele mmoja na kujua ni wa nani. Nilishaanza kujaza fomu ya maombi kwenye simu.

Asubuhi moja tukaamka, dume la kulimia halipo zizini. Wanaume wakafuata alama za kwato hadi barabara kuu, zikapotelea kwenye lami. Mimi nilibaki zizini. Karibu na lango, kwenye tope, palikuwa na alama ya katambuga, viatu vile vya tairi la gari, na mistari ya tairi ilikuwa imejichora vizuri kabisa. Nikaifunika kwa beseni kuku wasiivuruge, nikaipima kwa rula, nikaipiga picha. Ng'ombe wa baba ameibwa na mimi nilikuwa nasikia raha, sitaficha.

Nilianza na viatu vya baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa akiishi chumba cha uani kwetu. Alikuwa amevivua mlangoni, yeye amelala ndani. Nikapindua kimoja: mistari ileile, upana uleule. Nikapiga picha. Sikuhangaika tena na kiatu cha mtu mwingine. Siku mbili nzima nilimchunguza yeye tu. Akicheka, nasema anajikaza. Akinyamaza, nasema dhamiri inamsuta. Alipojitolea kwenda kuulizia mnadani, nikasema moyoni, huyu anajua pa kutoulizia.

Nikamwonyesha baba picha zote mbili. Aliziangalia muda mrefu.

"Una uhakika, mayu?" akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake.

"Hii ni sayansi, baba."

Mkutano wa kijiji ukaitwa. Baba akasimama akamtaja mdogo wake. Baba mdogo alisema maneno machache, kwamba hakuchukua, lakini simu yangu ilikuwa inapita mkono kwa mkono na hakuna aliyemsikiliza. Akatengwa: asisalimiwe, asipewe moto wala maji. Siku ya nne alibeba begi lake akaenda Nassa kutafuta kazi kwa wavuvi. Nilijiona nina akili sana.

Mwezi uliofuata nilikwenda Bariadi mjini kugongesha mihuri vyeti vyangu. Sokoni nikapita kwa fundi wa katambuga. Alikuwa analikata tairi la lori kwa kisu, na mbele yake jozi zimepangwa. Nikapindua moja, nikapindua nyingine, nikazipindua zote. Mistari ileile.

"Hizi zote za tairi moja?"

"Moja tu, dada. Za namna hii nawapelekea watu wa Nkololo kila mnada, wamezimaliza. Unavaa namba ngapi?"

Nikakaa kwenye benchi lake bila kukaribishwa.

Nyumbani nilimweleza baba. Alisikiliza hadi mwisho. "Nimeshasema mbele za watu," akasema. "Nirudi niseme nini?" Akatoka kwenda zizini.

Kesho yake nikapanda basi hadi Lamadi, kisha bodaboda hadi Nassa. Fomu ilikuwa bado kwenye simu, imebaki kutumwa tu. Nilimkuta baba mdogo akianika dagaa.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu." Akanifudikizia ndoo nikae.

Nikamweleza habari ya fundi na tairi lake. Nikamwambia nitasimama mbele ya kijiji kizima niseme nilikosea, baba apende asipende. Nikalia. Hakunibembeleza wala hakunifokea.

"Katambuga kijijini zimejaa," akasema. "Kwa nini ulianza na zangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za tairi tu. Niliona aibu, lakini nikamjibu.

"Kwa sababu huna mke wala ng'ombe, baba. Na ulikuwa unakula kwetu."

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akaendelea kugeuza dagaa.