Mafunzo ya Kula kwa Mama wa Sokoni

Wakati wa vita, kamati ya kanisa letu pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, ilinipa kazi ya kuwasaidia waliotoka gerezani warudi kuishi na majirani. Walinichagua kwa sababu nilikuwa nimesoma chuo kikuu na sikuwa na kazi, mambo mawili ambayo kwetu hutembea pamoja.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyefungwa kwa tuhuma za kumtilia shemeji yake sumu. Shemeji alikunywa kila kitu isipokuwa maji, lakini alifia mezani kwa huyu mama, na hiyo ilitosha. Askari walipokimbia mapigano, gereza likabaki wazi, naye akarudi kwa miguu.

Zamani aliuza chakula karibu na soko. Sasa aliwasha moto kila asubuhi na hakuna aliyekaa. Bila wateja angelazimika kuhama na watoto wake wanne, na majirani waliingojea siku hiyo kwa uvumilivu wa Kikristo.

Nikawakusanya uani kwake, nikahubiri nusu saa juu ya kuaminiana. Kisha mama akaniwekea bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Kwetu mwenye chakula huonja kwanza, mgeni aone. Lakini nilikuwa nimemwita mtu safi mara saba, kwa hiyo hakuona haja. Mkono wangu ukafika ukingoni mwa sahani, ukasimama. Nikaanza kueleza faida za kunawa.

“Mwalimu, ulishanawa,” akasema muuza chumvi, jirani aliyemsengenya kuliko wote. “Kula basi.”

“Nangoja ipoe.”

“Ipoe nini? Iko baridi tangu uanze kuhubiri!”

Ua mzima ukacheka. Mama akakata tonge, akachukua ndagala wawili, akatafuna polepole akinitazama.

“Ona, Mwalimu. Miye niko muzima. Ni we unatoka jasho.”

Muuza chumvi alicheka hadi akaangukia benchi la wateja. Akiwa ameshakaa, akavuta sahani yangu, akala.

“Leta ingine, mama. Mi siwezi kuwa mwoga kama huyu.”

Wengine wakafuata, kila mmoja akijitahidi asifanane nami. Nilipopata ujasiri, sufuria ilikuwa tupu.

Nikaanza kuomba msamaha. Mama, mikono imejaa sahani chafu, akanikatiza:

“Kesho ukuje tena uogope. Bamama ba upande wa ziwa habajakuona bado.”