Mama Aliyefunga Kisima

Mtaani kwetu, upande huu wa Geita, mama tunayemwita mtafiti hajakanyaga chuo. Majirani walimchagua ashirikiane na wataalamu kupima maji, kwa sababu swali la maji lilikuwa letu. Haulizi kitu kabla hajakaa chini kuchambua mchele na mwenyeji wake, na sauti yake ni ya chini, kama ya mnunuzi anayeijua bei. Majibu yalipokuja, kisima chetu kilikutwa na zebaki, sumu ya wachenjua dhahabu. Mkutano ukanyoosha mikono kifungwe. Kufuli akafunga yeye. Laiti angemwachia mwenyekiti, maana lawama haina mshahara. Sasa watu wanatembea mwendo mrefu hadi bomba lililo mbele ya duka langu. Jana hapo mama mtafiti alimtwisha Mama Sesilia ndoo.

“Wewe ndiye uliyetufungia maji,” Mama Sesilia akasema, ndoo imeshatulia kichwani.

“Tulikubaliana wote, mayu, mama yangu.”

“Wote hatukushika kufuli.”

Wenzake wakacheka, wakaondoka pamoja naye. Mama mtafiti akabaki na ndoo yake imejaa, hana wa kumtwisha. Akamwaga nusu, akajitwisha.