Herufi Sita Mchangani

Sisi tuliokulia Machakos kabla ya bomba kupanda vilimani tunajua kwamba maji hayachotwi tu, yanangojewa. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu kuanzia Juni mpaka mvua za mwisho wa mwaka, na mgeni angeweza kuuvuka huku akiuliza mto uko wapi. Tulichimba shimo, tukatupa maji ya kwanza ya tope kwa kata ya kibuyu, kisha tukaketi kungoja maji safi yajikusanye polepole, kana kwamba yanaona aibu kutoka. Mtungi mmoja ulichukua muda mrefu kujaa. Sasa panga mitungi minane kwenye foleni, halafu uniambie kama mtoto wa siku hizi, anayenuna intaneti ikikwama kidogo, angeweza.

Nikifumba macho bado nasikia harufu ya ule mchanga uliolowa. Juu ulikuwa na joto, chini baridi, nasi tulizika miguu humo hadi magotini tukatulia. Ukingoni mbuzi walitafuna maganda ya migunga. Mifukoni tulikuwa na mahindi ya kukaanga, na tulikula moja moja ili yasiishe. Mwaitu, yaani mama yangu, hakuniruhusu kutoka na mtungi kabla hajasema, "Nimetema mate hapa chini. Yakikauka kabla urudi, utanijua." Kwa jua la kwetu, mate yale yalikauka kabla sijafika langoni. Nilimjua karibu kila siku.

Hapo ndipo tulipocheza mchezo wa herufi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na desturi ya kuandika neno moja ubaoni kila Ijumaa ili tutoe ndani yake maneno mengine, nasi tukauhamishia mchezo mtoni. Mmoja aliandika herufi mchangani kwa kijiti, na kila mtu kwa zamu yake akataja neno la Kiingereza linalotokana na herufi hizo hizo. Ukikosa unatoka. Aliyebaki mwisho ndiye aliyechota kwanza, hata kama alikuja nyuma ya wote. Kamusi hatukuwa nayo. Ya shule ilikuwa moja, na ilifungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Ubishi ukizuka, aliyekuwa darasa la juu ndiye aliyekuwa hakimu, na alilosema halikupingwa.

Bingwa wetu alikuwa Ndunge, rafiki yangu. Tuliingia darasa la kwanza siku moja, tukakaa dawati moja miaka yote. Tulipofika la sita, mama yake aliugua miguu, akawa hawezi kuinuka kitandani, na Ndunge akabaki nyumbani kumwuguza. Lakini mtoni alikuja kila jioni, na bado alitushinda. Alizitazama herufi akiwa ameinamisha kichwa, midomo ikicheza, kisha maneno yakamtoka moja baada ya jingine. Alihitaji kushinda kuliko sisi sote, maana mama yake alikuwa peke yake nyumbani. Nami, niseme ukweli, nilichoka kushindwa na mtu ambaye hata darasani hakuwepo.

Jioni moja wakubwa wa darasa la saba na la nane walibaki shuleni kwa masomo ya ziada, kwa hiyo hakimu nikawa mimi. Mtu akaandika garden. Tukataja red, read, dear, end. Watoto wakatoka mmoja mmoja. Ndunge akasema danger, akazimaliza herufi zote sita, na wadogo wakampigia makofi. Tukabaki wawili. Mimi nikataja rag, na baada ya hapo kichwa changu kilikuwa kitupu.

"Grade," akasema Ndunge.

Wadogo wakaangua kicheko. Kwetu gredi ni ng'ombe, yule wa maziwa mengi ambaye susu, nyanya yangu, alimsifu kila asubuhi na kumtukana alipokataa kukamuliwa. Nani angefikiri kwamba huyo ana Kiingereza? Lakini mimi nilijua. Neno hilo lilikuwa limechapwa kwenye ripoti yangu ya shule niliyoipeleka nyumbani wiki hiyo hiyo.

"Hiyo ni ya ng'ombe," nikasema. "Sio Kiingereza."

"Mwikali, si iko hata kwa ripoti?"

"Wewe uliacha shule. Utajuaje?"

Ndunge akarudi kwenye mtungi wake. Nilichota kwanza, nikajitwika mtungi mgongoni, mshipi ukinibana kwenye paji la uso. Nilipofika juu ya ukingo nikageuka, nikamwona ameketi juu ya mtungi wake, wa mwisho kabisa, jua likizama. Nilijisikia vibaya, lakini sikurudi. Tangu siku hiyo alikuja akangoja zamu yake kama wengine, ila mchezo hakuugusa tena. Wala shuleni hakurudi.

Siku hizi mpwa wangu anacheza mchezo ule ule kwenye simu. Herufi zimepangwa duara, anazipitishia kidole, na akipatia, simu inalia kengele na kumsifu kama bibi harusi. Akikwama anatazama tangazo la sabuni, kisha simu inampa jibu. Hata kufikiri siku hizi ni kwa kuletewa! Nilimcheka sana. Halafu cheko likanikauka, na kesho yake nikapanda boda boda hadi Kyumbi, ambako Ndunge anauza machungwa kando ya barabara.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kabla moyo haujanigeuka. Yeye aliendelea kufuta machungwa kwa kitambaa.

"Hiyo neno hata sikumbuki," akasema mwishowe. "Lakini mimi nilikuwa nimeweka yunifomu chini ya godoro, nikingoja mama apate nafuu nirudi. Hiyo siku ndio nilijua nimeacha shule."

Hakulisema kwa hasira. Alinichagulia machungwa manne mazuri, akanitilia kwenye mfuko, akaniuliza habari za watoto. Njia nzima ya kurudi nyumbani nililia nyuma ya mgongo wa mwendesha boda boda. Mtoto wa leo ana simu ya kumwambia kama neno lake ni la kweli. Ndunge alikuwa na mimi tu.