Saini ya Bi Mwanahawa

Utasema natunga. Sema tu, umeshatanguliwa na wengi. Lakini haya yamenikuta mie, na macho yalikuwa haya haya.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka hati za mahakama. Siku hiyo nilikuwa na amri ya Bi Mwanahawa wa Gongo la Mboto: ahame nyumba yake ndani ya siku kumi na nne, shemeji yake ameshinda kesi ya kiwanja; kama anapinga, aende mahakamani. Nilifika jua linazama. Nikamkuta barazani peke yake, kajitanda kanga, anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wanangu hawapo. Nipe mimi."

Akasaini kwa herufi za Kiarabu, taratibu. Kalamu aliponirudishia ilikuwa ya baridi, kama imetolewa kwenye friji. Nilishtuka? Wala. Nilikuwa nimechoka, nataka kwenda nyumbani. Kesho yake nikaapa mahakamani kwamba nimemkabidhi mkononi.

Siku zikaisha, hakuna aliyekwenda kupinga. Dalali wa mahakama akaja na watu wa kubomoa, nami nikaitwa kuonyesha nyumba. Mabati yanashushwa, mara mwanawe, Hamisi, huyo mbio.

"Amri gani? Kapewa nani?"

Nikamwonyesha saini. Akaishika ile karatasi, akaisogeza karibu na macho.

"Huu mwandiko wa mama," akasema. "Na mama tumemzika mwezi mzima kabla ya tarehe hii, braza."

Niamini, nilikosa pa kuuweka uso wangu. Ningesema nilimpa marehemu, nani angenisikiliza? Wajukuu wa yule mama walikuwa nje na vyombo, mvua inawanyeshea. Nikaenda kwa hakimu, nikasema saini nilighushi mwenyewe. Amri ikafutwa, nyumba ikabaki yao, nusu haina paa. Mie nikafungwa miezi sita kwa kuapa uongo, wakati uongo pekee niliousema ni huo wa kukiri.

Hamisi alikuja gerezani kila Jumapili. Hakunilaumu hata siku moja. Aliuliza tu, "Alikuwaje? Alikonda?" Nikamjibu, "Hapana, alikuwa mzima." Akaondoka analia, Jumapili nyingine akarudi kuuliza tena.

Wewe unayepeleka hati, nakusihi, pita kwanza kwa mjumbe wa mtaa, uliza kama mwenye jina yu hai. Ni dakika tano tu. Mie nilizionea uvivu, na mpaka leo watoto wangu wanajua baba yao alighushi saini ya marehemu.