Upande Ulioungua

Wakonyo aliishi peke yake miaka kumi na minane katika kijiji cha wafanyakazi wa msitu, mlimani juu ya mji wa Naro Moru. Nasema hivyo nikiwa jirani yake wa nyumba ya tatu. Mara nyingi nilimsikia akiongea na kuku wake, nami nikapita bila kubisha hodi. Tulikuwa watu wabaya siku zile, na sijui kama tumebadilika sana.

Mume wake, Theuri, alikuwa mrina asali, mwenye kufukuza nyuki kwa mwenge wa moto. Mizinga yake ilining'inia huko juu, mianzi inapoanzia. Mashamba yetu yalikuwa chini, na katikati ilisimama misonobari ya serikali. Machi 1965, kabla ya mvua, moto ulipita katika misonobari hiyo ukateketeza miti mingi na ng'ombe wawili wa mzee Gatimu. Ulipozimika tulipanda kuangalia. Kila mti uliosalia ulikuwa na jeraha jeusi upande wa juu, ulioelekea mizinga. Kwetu kesi ikaisha hapo hapo. Moto si huchoma pale unapogonga kwanza?

Theuri aliapa kwamba wiki nzima hakuwa amekaribia mizinga. Nani angemsikiliza? Bwana misitu alikuwa ametangaza kwamba mwenye moto asipotajwa, tutafukuzwa sote na mashamba yachukuliwe. Ndipo Wakonyo, mbele ya watu wote, akaweka kiganja juu ya jeraha la mti.

"Theuri, angalia wewe mwenyewe," alisema. "Hii mti imeungua upande yako. Ati unataka sisi wote tufukuzwe?"

Theuri akashuka, akakunja blanketi lake na kuondoka. Hawakuwa na mtoto. Sisi tulibaki na mashamba yetu, na Wakonyo tukamwachia kuku wake. Mke wa mchoma msitu nani angemwalika harusini?

Mwaka 1983 akaja Magdaline, msichana wa chuo kikuu, kusoma habari za mioto ya zamani ndani ya miti. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Lakini misonobari ile ilikuwa ikikatwa, na yeye alitaka vipande vya mashina, vyembamba kama sinia. Aliajiri Wakonyo kuvipiga msasa mpaka mistari ya ukuaji ionekane. Mwaka ukipita mti huongeza duara, ila huku kwetu mvua ni mbili, na mara nyingine mti huongeza maduara mawili na kumchanganya anayehesabu. Hapo Wakonyo ndiye aliyekuwa mwalimu. Alikumbuka kila kiangazi na kila mwaka ambao mvua za vuli zilikosa. Nilimsikia akicheka kwenye kibanda chao cha kazi nikasimama kusikiliza, maana nilikuwa nimeisahau sauti hiyo.

Siku moja walifika kwenye duara la 1965, na jeraha likawa hapo, jeusi.

"Hapa ndio moto iligonga," Wakonyo alisema.

"Hapana, mama. Hapa ni nyuma," Magdaline alijibu. Akamweleza kwamba moto ukipanda mlima hupita haraka upande wa shina unaotazama chini. Ndimi zake hukutana upande unaotazama juu, zikakwama hapo zikichoma. "Hiyo moto ilitoka chini. Huko chini kulikuwa na nini?"

Huko chini kulikuwa na sisi. Wiki ile tulikuwa tumechoma matawi na mabua ili tupande mahindi, kila mtu shambani kwake, na Wakonyo pia. Cheche ilitoka kwa nani, hakuna mti wa kutuambia.

Jioni hiyo alikuja kwangu. Hakuwa ameingia nyumbani mwangu tangu 1965.

"Ngendo, nipeleke Kiriaini," alisema. "Nataka Theuri ajue kwamba nimejua. Peke yangu siwezi."

Sote tulijua kwamba Theuri alikuwa Kiriaini, kwenye mashamba ya kahawa. Nilikwenda naye kwa aibu, wala si kwa wema. Mimi pia siku ile nilikuwa nimepiga kelele kwamba afukuzwe.

Tulimkuta akichuma kahawa, nywele zote nyeupe. Wakonyo hata hakusalimu.

"Theuri, moto haikutoka kwa mizinga. Ilitoka kwetu, huko chini. Mimi nilikusingizia."

Theuri aliweka kikapu chini polepole. "Mimi nilijua si mimi," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe ujue. Nilingoja miaka sita."

Nilitaka kumshika Wakonyo mkono lakini niliogopa, maana sikuwa nimemshika mkono miaka kumi na minane.

Mwanamke mmoja alitoka nyumbani na birika la chai, watoto wawili wakimfuata. Alikuwa Watiri, mke mpya wa Theuri. Alitumiminia chai kwa ukarimu, akamgeukia Theuri na kumwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Wamae, hawa wageni ni akina nani?"

Theuri aliangalia miti yake ya kahawa. "Ni watu nilifanya kazi na wao kwa msitu," akasema.

Wakonyo akapokea kikombe kwa mikono miwili, akamshukuru Watiri, akamwambia chai ni tamu.